Ngoma ya Bonde la Mtama

Ndu!

Mlio mmoja tu, usiku mzito. Mmeusikia?

"Tumeusikia!"

Basi hadithi iko mlangoni.

"Ikaribishe ndani!"

Ikiingia, mtu asisinzie.

"Macho makavu!"

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakilima, palikuwa na Bonde la Mtama. Upande wa mawe waliishi pimbi. Upande wa nyasi waliishi kanga, wale ndege wa madoadoa. Katikati alikaa mtawala wao, Ngiri, meno yamepinda, tumbo limetangulia.

Ngiri alikuwa na jina alilopewa na mama yake. Lakini mila ya bonde ilisema: mtu akishakalia kiti, jina lake halitajwi. Aitwe Mkubwa, basi. Atakayelitaja afukuzwe bondeni. Na mila nyingine ilisema: kesi haifunguliwi barazani mpaka mshtakiwa aitwe kwa jina lake.

Mila mbili hizo. Zikioana, mnajua zitazaa nini? Tulieni, mtaona.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Mtama ukaota, magugu yakaota. Kanga wakashika majembe, pimbi wakashika majembe. Usiku, ndu! Ngoma ya vita.

"Pimbi wanatujia!" kanga wakapiga kelele.

"Kanga wanatujia!" pimbi wakapiga kelele.

Majembe chini, marungu juu! Wakapigana siku saba. Waliporudi, aliyeshinda vita ni magugu.

Mvua ya pili ikanyesha. Safari hii wakapalilia, mtama ukaiva. Usiku wa kuamkia mavuno, ndu!

Visu vya kuvunia chini, marungu juu! Wakapigana siku saba. Waliporudi, panzi wameshiba, wanapiga mbweu.

Njaa ikaingia bondeni bila hodi. Bi Nyamvula, kanga mjane mwenye vifaranga sita, akazika wawili. Akabaki na wanne, na kibuyu kimoja cha mbegu.

Ng'ambo ya mto waliishi tembo, wenye maghala marefu kuliko wao wenyewe. Wakasikia habari. Wakafanya mkutano, wakasikitika. Wakafanya mkutano wa pili kuzungumzia walivyosikitika. Kisha wakaleta magunia kumi ya mahindi, wakamkabidhi Mkubwa, maana tembo wana adabu: mgeni humpa mwenye nyumba.

Mkubwa akala manane. Mawili akawagawia waliompigia makofi.

"Maskini, hawa," tembo mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Sijui kwa nini hawapendi kulima."

Wakarudi kwao na magunia yaleyale, sasa yamejaa chumvi ya bonde. Kibali cha kuichota katoa nani?

"Mkubwa!"

Ehee.

Mvua ya tatu ikanukia. Bi Nyamvula akatikisa kibuyu chake. "Mbegu hizi zisipoingia ardhini wiki hii," akasema, "nitazika na hawa wanne."

Usiku huohuo, ndu!

"Shoga, twende!" majirani wakamwita, marungu mkononi. "Unangoja nini?"

"Ninyi nendeni mnakokwenda kila mwaka. Mimi naenda inakolia."

Akaifuata ngoma. Haikumpeleka kwa pimbi. Ilimpeleka uani kwa Ngiri, na hapo akamwona Mkubwa mwenyewe, jasho linamtoka, fimbo ya ngoma mkononi, anajisemea, "Wakipatana hawa, nani ataniletea magunia?"

Bi Nyamvula hakungoja zaidi. Alikimbia mpaka uwanja wa vita, akasimama katikati, marungu huku na marungu kule.

"Nipigeni mimi kwanza!" akasema. "Mkichoka, twendeni barazani."

"Barazani kuna nini, mama?" akauliza pimbi mmoja mzee, rungu limemning'inia.

"Kuna mpiga ngoma."

Wakaenda wote, manyoya yamekatika, pua zimevimba, na njiani akawasimulia aliyoyaona uani. Kobe, karani wa mila, akafungua baraza, Ngiri naye amekalia kiti chake.

"Mshtakiwa ni nani?"

"Mkubwa!" wakasema kanga.

"Mkubwa ni kiti," akasema Kobe. "Kiti hakishtakiwi."

Ngiri akacheka. Heh!

"Yule mwenye meno yaliyopinda!" wakasema pimbi.

"Ngiri wote meno yao yamepinda. Nimwite yupi?"

Ngiri akacheka tena. Heh heh! Akaagiza maji ya kunywa.

"Nauliza mara ya mwisho," akasema Kobe. "Jina."

Kanga wakatazama vidole vyao. Pimbi wakatazama mawingu. Kila mmoja alilijua lile jina, na kila mmoja alikuwa na nyumba asiyotaka kuiacha. Bi Nyamvula akawatazama wanawe wanne waliomfuata barazani, mbavu zao zinahesabika. Akainuka.

Ngiri akaacha kucheka.

Jamani, funzo nawapa sasa hivi, maana akishasema yeye, mimi sina la kuongeza. Watu wanaolima hawawi maskini hivihivi. Umaskini huwajia pale anayewatawala asipoweza kuulizwa, vita vikawa ndilo shamba lake. Na jirani anayeleta gunia bila kuuliza ngoma inapigwa na nani, anamlisha mpiga ngoma. Hadithi yangu imetembea, imechoka, naikalisha hapa.

"Ikae!"

Bi Nyamvula akakohoa kidogo. Akaita, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aliyechelewa kuoga:

"Ngwengwe bin Sururu! Simama, unashtakiwa."