Kizibo cha Kumi

Wapendwa, mnivumilie leo, maana nimechoka. Nimechoka kweli.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia katika shule ya wasichana. Siku moja aliingia darasani na vizibo vya soda, akavipanga mezani: vinne chini, juu yake vitatu, juu yake viwili. Kileleni akaacha wazi.

"Hizi ni chembe ndogo kuliko atomu," akasema. "Kila moja imekaa mahali pake kwa chaji yake ya umeme na uzito wake. Zinafuata ulinganifu: kona hii ikienda pale, umbo linabaki lile lile. Haya, zungusheni."

Binti mmoja akazungusha. Pengo la juu likahamia kona ya chini. Umbo likawa si lile tena.

"Kwani shida iko wapi, mwalimu?" akasema. "Viko tisa. Tuvipange vitatu vitatu, tupate mraba safi." Akavisogeza. Kweli, mraba ukakaa, pengo likapotea. Wenzake wakapiga makofi.

Mwalimu akashika kichwa. "Jamani! Nani kakwambia uvihamishe? Umeficha pengo, hujaleta chembe! Wataalamu walipoona pengo hili walisema ipo ya kumi, ila hatujaiona. Wakataja na uzito wake. Wakaitafuta, wakaipata!"

Halafu akageukia darasa. Macho yake yalikuwa kwenye madawati. Yamepangwa matatu, matatu, matatu.

"Ninyi mko wangapi?"

"Tisa, mwalimu."

"Na muhula uliopita?"

Wakatazama dirishani. Dawati la kumi lilikuwa nje, linanyeshewa. Na mwalimu mwenyewe, kila asubuhi alipoita majina, alikuwa akiliruka jina la mwenye dawati hilo bila kuinua uso.

Mchana ule wakaenda wote nyumbani kwa binti huyo wa kumi. Walimkuta yule binti akimlisha mama yake uji, mama amepooza. Binti akawatazama pale mlangoni, akasema, "Kumbe mliona? Mimi nilijua hamjaona."

Mnawacheka wale mabinti? Chekeni tu. Chembe yenyewe haidumu hata muda wa kupepesa jicho, na bado watu wazima waliihangaikia. Sisi je? Kwaya yetu ilikuwa na watu kumi. Alhamisi nimepita mazoezini, nimekuta mmesimama watatu, watatu, watatu. Mmependeza! Nikauliza, mama yetu wa sauti ya pili yuko wapi? Mkanijibu, "Mchungaji, usiwe na wasiwasi, tumeshajipanga upya."

Mmejipanga upya! Mtu ameimba nanyi miaka kumi na mmoja! Nani amebisha hodi kwake? Nani amepiga hata simu? Na mimi msinione msafi. Jumapili tano nimesimama mbele ya mraba wenu, nikausifu. Hasira hii inaanza na mimi.

Ndugu zangu, Mungu hakutupanga kwa kupendeza. Alimpa kila mtu mahali pake, na mahali pa mtu hapazibwi kwa kusogeza wengine.

Kwa hiyo leo baraka ya mwisho sitaitoa hapa. Nitaitoa mlangoni kwake. Wazee, fungeni kanisa. Kwaya, tangulieni. Na mkifika, ole wake atakayeanza wimbo kabla yule mama hajakaa mahali pake.