Askofu Aliyeketi Wakati wa Injili

Imepokewa kutoka kwa waliomjua kwamba katika nchi moja ya baridi kali, zama za vita vikuu, alikuwako askofu wa Kilutheri aitwaye Halvard Brekke. Maadui walikuwa wameitwaa nchi, wakiwasaka Wayahudi nyumba kwa nyumba. Askofu aliwakemea maadui hao mimbarani, na kwa siri akawa anawavusha Wayahudi mpakani. Waumini wakamwita simba, kumbe mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwa akipata usingizi kwa hofu.

Jumapili moja alimficha mama wa Kiyahudi, Rahel, katikati ya waumini, akingoja gari la kumvusha. Ibada haijafika mbali, mlango ukasukumwa. Afisa wa adui akaingia na askari wake, akasimama nyuma, macho yakipita benchi kwa benchi.

Ikafika zamu ya kusomwa Injili. Desturi yao ni kusimama wote bila kuambiwa. Mtoto wa pale huijua kabla hajajua kusoma. Kanisa zima likainuka. Rahel, maskini, akabaki ameketi, kwani hakuna aliyekumbuka kumweleza. Askofu alimwona. Afisa naye akaanza kuja mbele, polepole. Benchi chache tu, na mama yule angekwisha.

Magoti ya Askofu yakalegea. Akaketi kwenye ngazi ya madhabahu, Biblia mapajani.

"Ketini nanyi, wapendwa," alisema. "Miguu yangu imekataa."

Wote wakaketi.

"Unaumwa, Askofu?" afisa aliuliza.

"Siumwi. Ninaogopa."

"Unamwogopa nani?"

"Wewe."

Afisa akacheka mpaka akashika mbavu. Hakutafuta tena kitu; alitoka mbio kwenda kuwahadithia wenzake. Siku ile ile Rahel akavuka mpaka salama.

Lakini habari zikaenea mjini. Waliomwita simba wakawa wanampita njiani bila salamu. Mkewe, Bibi Solveig, akalia: "Waeleze basi, baba!"

"Nikiwaeleza, afisa atasikia, na wako wengine wa kuvushwa. Tena, mama, hawakunisingizia. Niliogopa kweli."

Fedheha ile aliibeba kimya hadi vita vikaisha.

Wapendwa, sisi tukishikwa na hofu hujificha nyuma ya maneno makubwa. Mja huyu aliiungama yake mbele ya adui, na roho ya mtu ikasalimika. Mola atujalie, tukikosa ushujaa, tusikose ukweli.