Hodi ya Bibi Nakundwa

Leo sina hadithi ya kumlaza mtu. Ninayo ya kuwagombanisha, na mkianza kupigiana kelele mimi nakaa kando nacheka. Wewe mwenye karanga, tafuna taratibu. Nasimulia mara moja tu.

Huko milima ya Upare walikuwapo wajukuu watatu wa bibi mmoja, kila mtu na lake. Namsifu alikuwa na mikono: waya akiushika yeye, unakaa mahali pake. Kiondo alikuwa na sikio: mota ikilalamika, anajua inaumwa wapi. Mbonea hakujua waya wala mota, ila subira yake, jamani, ingemshinda hata punda.

Bibi yao, Nakundwa, miguu ilimgomea baada ya kiharusi. Dada yake mkubwa, Foibe, aliishi chini ya mteremko, naye alikuwa kitandani akizidi kudhoofika. Bibi alitaka kitu kimoja tu, kumwona dada yake angali hai. Watu wakamwambia, basi tukubebe. Akakataa katakata.

"Nikiingizwa nimebebwa, Foibe atajua nimekwenda kumuaga," alisema. "Atalia, nami nitalia, tutazungumza saa ngapi? Nataka nifike mwenyewe, nipige hodi kama nilivyozoea."

Mkaidi huyo. Lakini mimi nampenda.

Wajukuu wakachukua roboti lao walilolitengeneza chuoni, la kubebea mikungu ya ndizi, wakalifumua. Wakatoa mota mbili, betri, na kontrola, yaani kile kisanduku kinachoiambia mota izunguke kwa kasi gani. Vyote wakavifunga kwenye kiti cha magurudumu cha Bibi, na pembeni, karibu na mkono wake, wakaweka kijiti cha kuendeshea.

Namsifu ndiye aliyeunganisha. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi, maana ukizigeuza hizo mbili kisanduku kinaungua na safari imekwisha. Akachagua nyaya nene zisipate moto mlimani, akaweka na fyuzi. Halafu akafanya kosa la watu makini: mota ya kushoto na ya kulia akaziunganisha sawasawa kabisa, waya kwa waya. Kumbe mota zenyewe zimefungwa zikipeana mgongo, kwa hiyo moja ilikwenda mbele na nyingine ikarudi nyuma. Bibi alipogusa kijiti, kiti kikazunguka uani kama pia, kuku wakatawanyika.

"Mnanichezesha ngoma na uzee huu?" Bibi akauliza.

Namsifu aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Akainua magurudumu yasiguse chini, akageuza nyaya za mota moja, akajaribu tena na tena kabla ya kumruhusu Bibi akalie. Kiti kikaenda mbele. Bila yeye kingebaki fanicha.

Lakini kwenda kwenyewe kulikuwa kwa kurukaruka. Mkono wa Bibi ulitetemeka, na kila mtetemeko kontrola iliuona ni amri. Hata akiachia kijiti, kiti kiliendelea kujikokota, kwa sababu kisanduku hakikujua kusimama ni wapi. Kiondo akakifundisha. Hapa katikati ni kusimama. Mwendo uanze polepole, uongezeke taratibu. Kwenye mteremko, mota zijizuie. Ila mtetemeko wa mkono atautenganishaje na nia ya mwenye mkono? Akakaa karibu na Bibi, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Bibi ulioshika kijiti.

"Huu ni mtetemeko, Bibi?"

"Huo ni mtetemeko."

"Na huu?"

"Huo ni mimi, mume wangu."

Akapima, akarekebisha, akarudi kuushika mkono. Mwishowe kiti kikaacha kuusikiliza ugonjwa, kikamsikiliza Bibi.

Basi mtasema kazi imekwisha. Thubutu! Bibi alipofikishwa juu ya mteremko akaachia kijiti na kufumba macho. "Nirudisheni," akasema. "Nitaanguka." Namsifu akamweleza nyaya zilivyo imara, Kiondo akamweleza mota zinavyojizuia. Bibi akazidi kuogopa.

Mbonea hakueleza chochote. Alisimama mbele ya kiti, akaanza kutembea kinyumenyume, mikono ameinyoosha bila kumgusa.

"Njoo, Bibi. Ukizidisha utanigonga mimi."

Akagongwa kweli, na miundi ikachubuka. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, kila siku wakifika mbele kidogo kuliko jana.

"Umeumia?"

"Hapana, Bibi."

Muongo mkubwa. Lakini ikafika siku Bibi akaacha kuyatazama magurudumu, akawa anatazama njia.

Asubuhi ya safari alijifunga kanga mpya. Akateremka mwenyewe, wajukuu nyuma yake, majirani wakitazama. Akafika mlangoni kwa dada yake.

"Hodi."

Sauti ndogo ikajibu kutoka ndani, "Karibu."

Binti yake Foibe akatoka. "Mama hana nguvu," akawaambia. "Aingie Mama Mdogo na mtu mmoja tu."

Sasa, ukoo wao una desturi. Mzee mgonjwa akitembelewa, aliyemleta mgeni ndiye anayewekwa mkono kichwani na kubarikiwa. Na kila aliyekuwa pale alijua kwamba Foibe hatauinua tena mkono huo baada ya leo.

"Aingie Kiondo," Namsifu akasema. "Mimi nilimzungusha kama pia."

"Mbonea ndiye aliyegongwa," Kiondo akajibu.

"Bila nyaya zako, Namsifu, na mota zako, Kiondo," Mbonea akawaambia, "ningetembea kinyumenyume na nani?"

Walikuwa wanasukumiana baraka, na kila mmoja aliitamani. Ndipo ile sauti ndogo ikaja tena kutoka kitandani.

"Nakundwa, mdogo wangu. Nani amekuleta?"

Bibi akageuka, akawatazama wajukuu zake watatu. Akafungua mdomo.

Mimi namwacha hapo. Na msiniambie wote watatu, mkono ni mmoja na umechoka. Foibe anasubiri jina. Je, wewe ungemtaja nani?