Ala ya Kijava Kiunoni mwa Jusoh

Palikuwa na Sultani mmoja katika nchi ya Wamalei aliyependa ala ya jambia kuliko wake zake. Ala za nchi yake zilikuwa na mdomo mfupi, wa mviringo. Za Patani zilikuwa pana kama mbawa. Za Java zilipinda huku na huku kama mtumbwi. Siku moja mgeni kutoka Java akaicheka ala yake. Wee! Sultani akapiga marufuku: atakayeonekana na ala ya ugenini ni mgeni, na afukuzwe nchini, aache nyumba na mke.

Wa kwanza kukamatwa akawa Jusoh, muuza nazi, fukara mwenye ulimi kama wembe. Akaburutwa barazani. Mkewe, mja mzito, analia nje ya lango.

"Ala hiyo ya wapi?" Sultani akanguruma.

"Ya Java, Bwana wangu. Mkwe wangu alinitunza siku ya harusi."

"Na jambia lenyewe?"

"La hapahapa. Kalifua mhunzi wa mtaani kwetu."

"Mbona umelivisha ugeni?"

"Lisikae uchi, Bwana."

Baraza zima likaguna kwa kicheko. Sultani akapiga kiti ngumi.

"Kimya! Mtu ni vazi lake. Avaaye cha ugenini ni mgeni!"

"Hata kama kazaliwa hapa?"

"Hata kama kazaliwa ndani ya jumba hili!"

"Hata akiwa mtu mkubwa?"

"Sheria yangu haijui mkubwa! Kadhi, shuhudia!"

"Nimeshuhudia," akasema Kadhi.

Jusoh akainamisha kichwa. Lakini ulimi haujambo.

"Nimekubali, Bwana wangu. Ila kabla sijaondoka, niruhusu nikisifu kilemba chako. Kinang'aa! Cha wapi?"

Sultani akavimba kwa maringo. "Gujarati."

"Na joho hilo?"

"Hariri ya China, hiyo!"

"Mashaallah. Na viatu?"

"Vya Uturu..."

Akavificha viatu chini ya joho. Mawaziri wakaanza kuhesabu boriti za dari. Kadhi akashikwa na kikohozi.

Jusoh akainuka, akajifunga msuli vizuri.

"Basi twende zetu, Bwana wangu. Mimi nina ala tu. Mizigo yako nitakusaidia kubeba."