Upinde wa Mti wa Radi

Jumbe Mkulila alikuwa akinyang'anya kila upinde mzuri kijijini. Akafika kwa Sijaona, aliyemlisha mama yake kwa upinde wake mmoja, mweusi tii.

"Lete huo!"

"Chukua, Bwana Jumbe. Ni wa ule mti uliopigwa radi. Ila mvua ikinyesha usilale nao ndani. Radi hurudi kutafuta mti wake."

Mawingu yakanguruma. Jumbe akarudisha mkono.

"Mbona wewe haijakupiga?"

"Ilikuja juzi. Ikanikuta nimechutama chooni, ikaona haya."

Jumbe akatimua mbio, kanzu kichwani.

Mama akashangaa. "Radi gani? Si ulikata mti wa mkole hapo nyuma ya choo?"

"Ndio huo, mama. Nilijua atakuja, nikauning'iniza kwenye moshi wa jiko lako hadi ukawa mweusi kama ulioungua."