Kurasa Mbili Ndani ya Beseni

Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechanika pembe na rangi imeukimbia, lakini ni wako na ndio unaokulaza kila siku. Msala upitao ni wa mpita njia: unapendeza macho, kisha mwenyewe anaukunja anakwenda zake. Wahenga walituonya tusiutupe wa kwanza kwa kuutamani wa pili. Wakubwa wa maofisini hawakuwapo siku hiyo, au walikuwapo wakasinzia.

Palikuwa na fundi wa kalamu za wino, mtu aliyefiwa na mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Nibu, kwa ile ncha ya chuma inayoandika. Binti yake alikuwa mwandishi katika ofisi ya viwanja, akiandika kwa mkono katika daftari kuu majina ya wenye nyumba. Jina lako likiwa ndani ya daftari lile, una nyumba. Lisipokuwamo, una kuta tu.

Ofisi ikaletewa mkubwa mpya. Wafanyakazi walimwita Bwana Mpya kwa minong'ono, maana mikono ilimwasha kila alipoona kitu cha zamani. Alibadilisha viti, akabadilisha mapazia, mwisho akaufikia wino. Wino wa ofisi ulikuwa wa chuma, ambao ukiwa mbichi hufanana na maji ya majivu. Bwana Mpya alitazama mstari uliotoka kuandikwa, akabetua mdomo. Kisha akasema kwamba wino ule unaozesha kalamu. Hapo hakusema uongo, kalamu tatu zilikuwa zimekwisha kufa. Lakini wino wa chuma hutaka kalamu ioshwe kwa maji safi kila Ijumaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku kuosha kalamu ili sinki lake jipya lisipate madoa. Ndivyo walivyo wakubwa: kiatu kikiwabana, hukata mguu.

Chupa zote za wino wa chuma zikamwagwa mtaroni. Ukaletwa wino wa buluu wenye vumbi la dhahabu, unaometameta kama jicho la paka. Binti akautia kwenye kalamu, akaujaribu pembeni, akaona jasho la kiganja chake linafuta herufi mbili. Akakataa kuutumia katika daftari kuu. Bwana Mpya akampa hadi Jumatano: athibitishe kwamba wino wa zamani unaushinda huu, la sivyo afungashe vyake na kiti apewe mwingine.

Jumanne mchana Babu Nibu aliingia ofisini na kalamu yake katika kitambaa, na chupa moja ya wino wa chuma iliyosalia nyumbani kwake. Makarani waliacha meza zao, mtunza mafaili akaja na kijiko cha chai mkononi, wote wakazunguka meza moja. Zilitolewa karatasi mbili za aina ileile ya daftari. Bwana Mpya akaandika majina kumi kwa wino wake. Ukurasa ukawaka. Babu Nibu, aliyependa wino kuliko chakula, aliuinamisha kwenye mwanga wa dirisha akaona dhahabu inatambaa juu ya buluu, na moyo wake ukamsaliti.

"Kizuri ni kizuri," alikiri, "hata kikiwa mkononi mwa adui."

Binti naye akaandika majina yaleyale kumi kwa wino wa babake. Yalitoka yamepauka, kama yameandikwa na mgonjwa. Watu wakaangua kicheko.

"Mzee, kalamu yako haijanywa maji leo?" Bwana Mpya aliuliza.

"Imekunywa, mkubwa. Wino huu si msemaji wa siku ya kwanza. Tupe mpaka kesho asubuhi."

Bwana Mpya alidai kwamba mzee anatafuta mwanya wa kubadilisha karatasi. Basi akaitwa tarishi, mama mmoja asiyemwazima hata nduguye sindano. Mama huyo akafungia kurasa zote mbili kabatini pamoja na kalamu mbili zilizoandika, ufunguo akautia kifuani.

Asubuhi ya Jumatano Babu Nibu alifika mlangoni kabla ya mlinzi kuufungua. Chai aliiacha mezani. Lilikuwapo jambo ambalo hakumwambia binti yake: chupa ile ilifunguliwa mkewe angali hai, yapata miaka sita iliyopita, na wino wa chuma nao huzeeka. Ukikaa mno, chuma hutuama chini ya chupa, juu yakabaki maji ya rangi tu. Kama ndivyo ilivyokuwa, yeye mwenyewe alikuwa amemtia mwanawe kitanzini kwa mkono wake. Alitembea kutoka kona hii ya kibaraza hadi ile.

Tarishi alifungua kabati. Ukurasa wa binti ulipotolewa, kijiko cha mtunza mafaili kilimponyoka. Majina yote kumi yalikuwa meusi tititi kama masizi, yamezama katika karatasi kana kwamba yalizaliwa nayo. Babu Nibu akashusha pumzi aliyoibana tangu jana.

Bwana Mpya akasema weusi si ushindi. Likaletwa beseni la maji ili ionekane wino upi utadumu, watu wakasongamana hadi mabegani. Kurasa zikatumbukizwa pamoja. Kutoka ule wa Bwana Mpya lilipanda wingu la buluu, vumbi la dhahabu likateremka taratibu hadi chini ya beseni, na familia kumi zikakosa makao mbele ya macho ya watu. Karatasi ilitoka nyeupe. Ule wa binti ulitoka unachuruzika maji, wala hakuna hata nukta iliyosogea.

Bwana Mpya alinyakua kalamu yake aandike ukurasa mwingine. Haikuandika. Vumbi la dhahabu lilikuwa limetuama usiku kucha na kuikaba koo. Akaitikisa kwa hasira, ikamtemea tone kubwa kwenye mkono wa shati.

"Afadhali shati limepata hati," tarishi alisema polepole, na ukumbi mzima ukaangusha kicheko, safari hii upande mwingine.

Bwana Mpya alisubiri kicheko kiishe, kisha akauliza kwa sauti ndogo chupa za wino wa chuma zinapatikana wapi.

"Ziko mtaroni, mkubwa," Babu Nibu akajibu. "Hii moja tutakuachia. Ila sinki lifunguliwe kila Ijumaa."

Hakupinga. Alimwashiria binti arudi kwenye kiti chake, akaagiza aitwe mtu wa kwanza kwenye foleni. Akaingia bibi mmoja aliyesubiri hati ya nyumba yake kwa miezi. Binti alichovya, akajaza kalamu, akaandika jina lake katika daftari kuu. Bibi akainama, akakunja uso.

"Mbona nimefifia hivi, mwanangu?"

"Utakolea, bibi," binti alimwambia, huku Babu Nibu akitabasamu dirishani. "Njoo kesho ujione."

Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.