Farasi wa Miguu Miwili

Hapo zamani, enzi ambazo farasi wa mfalme alilala juu ya nyasi laini na raia wakalala njaa, palikuwa na Sultani katika mji wa Tambale, jina lake Mundhiri, aliyependa farasi kupita kiasi. Na kupenda si kosa. Kosa lake lilikuwa kuuliza maswali. Kila asubuhi alimwuliza waziri wake jambo la farasi, na kila jibu akaligeuza sheria.

Siku moja aliuliza, "Waziri, ni kweli farasi hulala wima?"

"Naam, Maulana, husinzia akiwa amesimama."

Basi ikawa amri: walinzi wote walale wima. Wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na mkuu wao akang'oka jino la mbele. Je, sheria ilifutwa? Thubutu! Waliambiwa wajifunze.

Mwaka ule mvua ikakataa, mashamba yakakauka. Ghala la Sultani, lililokuwa kando ya njia ya sokoni, lilijaa mtama hadi mlangoni, na kila apitaye alilitupia jicho, akameza mate. Macho yale yakamkera Sultani. Akauliza, "Waziri, kwa nini farasi wangu huwekewa ngozi pembeni mwa macho?"

"Hivyo ni vidoto, Maulana. Farasi huona kushoto na kulia, karibu hata mgongoni kwake, na akionacho kando humshtua. Akivaa vidoto huona njia yake tu, akatulia."

Sultani akaruka kitini kwa furaha. "Lo! Ndiyo dawa ya watu wangu!"

Basi mpiga mbiu akazunguka mji: kila mtu mzima avae vidoto, wala havivuliwi ila kwa mkono wa Sultani mwenyewe; atakayevivua kwa mkono wake, mkono huo utakatwa. Ikawa mji mzima unatazama mbele tu, watu wanagongana mabega njiani, na njaa, isiyovaa kidoto, ikawaona wote.

Mjini humo alikuwapo fukara mmoja aitwaye Vuai, ambaye watu walimwita mpumbavu kwa kuwa alifanya kila alichoambiwa, vilevile alivyoambiwa. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa akichemsha maganda ya muhogo, akamgeukia kwa hasira. "Mume wangu, umekaa tu na ngozi zako usoni kama farasi! Watoto watakula mzaha?"

Vuai akacheka. "Umenena, mke wangu. Kama farasi! Haya, wachukue watoto, twende tukale."

Akapita mlango kwa mlango kuwaita watu. Mchana, Sultani alipokwenda zizini pamoja na waziri na walinzi wake kumtazama farasi wake kipenzi, akakuta mji mzima umesimama humo, umejipanga mbele ya mahori ya kulishia farasi, vidoto usoni. Kipenzi chake kimesukumwa pembeni, na Vuai ameinamisha kichwa horini, anatafuna mtama.

"Ewe mpumbavu! Wafanya nini humu?"

"Nala, Maulana."

"Chakula cha farasi wangu?"

"Sisi ndio farasi wako, Maulana. Tulipokuwa watu tulijitafutia wenyewe. Lakini umetuvika vazi la farasi, nasi tu watiifu, tukasema amri ya Sultani haivaliwi nusu. Nami sijaona farasi wako akihangaika kutafuta chakula. Amfungaye ndiye amlishaye."

Walinzi wakang'ata midomo wasicheke. Mkuu wao alishindwa, kwani pengo lake halikuzuia kitu.

Waziri akanong'ona, "Maulana, farasi mmoja hula kuliko watu kadhaa, na hawa ni mji mzima. Ghala litakwisha."

Sultani akababaika. "Vueni! Vueni vidoto, muwe watu, mwende makwenu!"

Hapana aliyeinua mkono. Vuai akasema, "Maulana, mkono wangu naupenda. Mbiu ilisema vitavuliwa kwa mkono wako."

Na neno la Sultani halirudi, hasa likiisha kupigiwa mbiu. Basi akaanza mwenyewe kufungua mikanda, uso kwa uso. Wa kwanza alikuwa Mwanakheri. Ngozi ilipoondoka, Sultani akaona macho yaliyozama na mashavu yaliyobaki mfupa. Naye Mwanakheri hakuinama, akamtazama. Sultani akaenda kwa wa pili, ni yaleyale, na kwa aliyefuata. Alipomfikia Vuai, aliyekuwa wa mwisho, akafungua mkanda polepole.

"Vuai," akasema kwa sauti ndogo, "watu wangu wamekonda hivi tangu lini, nami nisijue?"

"Maulana, kila siku ulipita katikati yetu umepanda farasi, ukitazama mbele tu. Sisi tulidhani vidoto vya kwanza ulivaa wewe."

Sultani aliona haya, machozi yakamlengalenga. Akafungua funguo za ghala kiunoni, akamkabidhi Mwanakheri mbele ya watu wote. Jioni ile hapakuwa na nyumba Tambale isiyofuka moshi wa jikoni, na walinzi wakalala chini, wakakoroma.

Hekaya yangu imefika zizini, nami nashuka. Mwenye kufunga na alishe.